Mahari Ikuti, Ndoa Mjini: Njia ya Harusi Tulivu

Kijana aliyeajiriwa Mbeya mjini na mchumba wake wa Ikuti, wilayani Rungwe, huanza na wazo jepesi. Wafunge ndoa asubuhi, wavae wapendeze, wale chakula cha mchana na watu wao, jua likizama wawe wamepumzika nyumbani kwao. Miezi michache baadaye wazo lile lile limekuwa ukumbi wa watu 400, msafara wa magari, mshereheshaji ambaye hawajawahi kuonana naye, na meza ya jukwaani wanapoketi kama wageni katika shughuli yao wenyewe. Ukiwauliza nani aliamua iwe hivyo, atatajwa mama, atatajwa mjomba, itatajwa mila, litatajwa kanisa. Mimi nasema wote hao wanasingiziwa. Harusi ya mjini hukua siku maharusi wanapokubali kuchangiwa, na ikishakua hairudi udogoni. Kwa hiyo anayetaka harusi tulivu na yenye mtindo asianze na rangi ya maua wala orodha ya wageni. Aanze na uamuzi mmoja wa fedha: tutatumia tulichonacho, na hatutatoa kadi ya mchango kwa mtu yeyote.

Tazama jinsi mchango unavyofanya kazi. Kamati huundwa, akapatikana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kikao cha kwanza hupitisha bajeti kabla hata shilingi moja haijaingia, kisha hupanga kiwango cha kadi ya singo, ya mtu mmoja, na cha kadi ya dabo, ya watu wawili. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, namba ya kupokelea fedha hubandikwa juu, na majina ya waliotoa na walioahidi huzungushwa kila jioni. Tangu hapo orodha ya wageni imetoka mikononi mwa maharusi ikawa ya waliolipa. Tuchukue hesabu ya mfano. Kadi 200 za dabo, kila moja shilingi 100,000, huleta shilingi 20,000,000, lakini huleta pia watu 400. Sahani ya shilingi 25,000 kwa watu hao ni shilingi 10,000,000, yaani nusu ya fedha yote imerudi matumboni mwa walioitoa. Nusu iliyobaki hugawanywa kati ya ukumbi wa kuwatosha watu 400, mapambo ya kuujaza ukumbi huo, vipaza sauti vya kuufikia mwisho wake, magari, picha na video. Mchango, basi, hulipia ukubwa ulioletwa na mchango wenyewe. Meza ya watu 60 kwa sahani ile ile ni shilingi 1,500,000, na watu wawili wenye kipato wakiweka kila mmoja shilingi 125,000 kwa mwezi hukitimiza kiasi hicho kwa miezi sita.

Kwamba harusi haihitaji ukubwa huo, nina mashahidi watatu: sheria, dini na mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haizungumzii ukumbi, keki wala msafara. Inataka mwanamume na mwanamke walioridhiana kwa hiari, taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, mfungishaji mwenye mamlaka, na mashahidi wasiopungua wawili. Inaitambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na hakuna kati ya hizo iliyo ya daraja la pili. Kifungu cha 41 kimeenda mbali zaidi kwa kusema kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari au ya kupeana zawadi haikutimizwa. Silitaji hili ili mtu aikwepe mahari, maana nafasi yake ni kubwa na nitaieleza. Nalitaja ili wachumba wajue kwamba ile shughuli ya asubuhi kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, ambayo watu huidharau kwa kuiita ndoa ya bomani, ni ndoa nzima. Cheti chake ni kile kile kitakachoulizwa mtakapomwandikisha mwenza kwenye bima ya afya, mtakapobadili jina kwenye pasipoti, au siku mirathi itakapogombaniwa.

Dini nazo hazidai zaidi. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri waliofika nyanda hizi miaka hiyo hiyo, wameacha utaratibu wa ndoa ambao kiini chake ni viapo, pete na baraka. Ibada hiyo inaweza kwisha ndani ya saa moja au mbili, na waumini wa kuishuhudia wapo tayari kanisani bila kulipiwa sahani. Kwa Waislamu jambo ni jepesi vile vile: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Zanzibar na mwambao wote wa Pwani nikahi nyingi hufungwa msikitini baada ya sala, watu wakala halua na kahawa, wakatawanyika. Walima unaofuata ni sunna, na mbuzi mmoja anatosha. Kama kuna gharama kubwa baada ya hapo, imeongezwa na watu, na kilichoongezwa na watu kinaweza kupunguzwa na watu.

Shahidi wa tatu ndiye anayesingiziwa zaidi. Husemwa kwamba Mnyakyusa, mwenyeji wa Rungwe, hawezi kuoa kimya kimya kwa kuwa utamaduni wake ni wa watu wengi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Godfrey na Monica Wilson waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951, Good Company, kinaeleza vijiji vya marika: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walihama maboma ya baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja, wakala pamoja na kuzeeka pamoja. Kula na wenzako lilikuwa jambo la heshima na la maadili. Ng'ombe nao walitoka ukoo mmoja kwenda mwingine ndoa ilipofungwa, na kwa ng'ombe hao koo mbili zikawa zimefungamana. Lakini angalia kilichokosekana: hakukuwa na mlango wa kulipia. Jirani alileta mkungu wa ndizi kama anao, au mikono yake kama hana, na aliyekuja bila kitu naye alikula. Kadi ya singo na ya dabo imeweka bei kwenye jambo ambalo halikuwa na bei, kisha ikamfungia nje shangazi mjane asiye na shilingi 100,000. Anayeitetea kadi kwa jina la mila ya Unyakyusa anatetea kitu kilichozaliwa mjini juzi.

Wapo watakaosema dawa ni kugawanya: ya ukoo ifanyike siku yake, ya ndoa siku yake, kila moja itakuwa ndogo. Nakubaliana na kugawanya, ila peke yake hakutoshi, na ushahidi uko kwa majirani. Uganda wanayo kwanjula, siku ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti. Imetengwa na harusi, na bado katika familia nyingi za mjini imekuwa harusi ya kwanza kabla ya harusi, yenye mahema, mavazi ya sare na vikao vya michango. Kenya nako ruracio ya Wakikuyu imefuata njia hiyo. Sisi wenyewe tumeligawa jambo hili mara nyingi kuliko wote, tukawa na kicheni pati, sendofu na harusi, kila moja ikiwa na kamati yake na kadi yake. Siku zimeongezeka na gharama zimeongezeka nazo. Upande mwingine, Nairobi wapo wachumba wengi waliofunga ndoa kwa msajili siku ya kazi, wakatoka ofisini wamependeza, wakaenda kula na wenzao wachache. Tofauti ya makundi haya mawili haiko kwenye idadi ya siku. Iko kwenye jibu la swali moja: fedha ni ya nani? Ilipotoka mifukoni mwa wengi, siku yoyote ile ilivimba. Ilipotoka kwa wawili, siku ilibaki kuwa yao.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ifanyike kabla tarehe haijatajwa kwa mtu. Kaeni wawili, kila mmoja aseme kwa ukweli ana akiba kiasi gani, anaweza kuongeza kiasi gani kwa mwezi, na ana deni gani. Toeni kwanza fedha ya mahari, kodi ya nyumba ya miezi ya mwanzo na akiba ya dharura. Kinachobaki ndicho kipimo cha sherehe, na muandike chini kiasi hicho. Kama wazazi wanataka kusaidia, wapokeeni kwa mikono miwili, lakini mkubaliane mapema wanalipia kitu gani: baba alipie usafiri wa wazee, mama achague chakula na akilipie. Msaada wenye jina la kitu huisha kitu kile kinapokamilika. Fedha isiyo na jina huzaa kikao, na kikao huzaa bajeti mpya. Rafiki akisisitiza kutoa, mwambieni kwamba zawadi mtaipokea nyumbani, wakati wowote, na haina uhusiano wowote na kukaribishwa.

Hatua ya pili ni kuupa ukoo siku yake kamili, na siku hiyo tayari ipo. Barua ya posa ikishajibiwa na mshenga akishamaliza kazi yake, huja siku ya kupeleka mahari, iwe ng'ombe au fedha iliyohesabiwa kwa ng'ombe. Hapo wazee wa pande zote mbili hukaa, husema, hula na kubariki. Kosa la watu wa mjini ni kuifanya siku hiyo haraka haraka kama risiti, kisha kujaribu kuwaridhisha wazee wale wale ndani ya ukumbi wa usiku, kwenye muziki unaowanyima hata kusikiana. Geuzeni mambo. Ifanyeni siku ya Ikuti iwe ndiyo siku kubwa ya wazee: mchinje mnyama kadiri ya uwezo, ndizi zitoke migombani, maziwa yawepo, majirani waingie bila kadi. Majirani wakileta ndizi na kuni wapokeeni, maana ujirani wa namna hiyo haumfungii mtu mlango. Chagueni kipindi kati ya Juni na Oktoba. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini, na kuanzia Novemba hadi Mei mtu hawezi kupanga shughuli ya nje akawa na uhakika, achilia mbali tope la barabara za vijijini. Juni na Julai kuna baridi kali, hivyo anzeni saa tano jua likiwa limepanda, mmalize kabla ukungu haujashuka. Wazee wakishapewa siku yao kwa ukamilifu, ndoa ya mjini inapata ruhusa ya kuwa ndogo.

Kwa nini basi ndoa yenyewe isifungwe huko huko? Inaweza, na kwa mwenye kuishi Tukuyu ndivyo ifanyike. Mji huo ulikua kuzunguka boma la Wajerumani, waliouita Neu-Langenburg, na msajili wa ndoa wa wilaya hayuko mbali. Ila kwa wanaoishi Mbeya ninaona faida moja ambayo haisemwi sana. Harusi ya nyumbani kijijini huwaweka mama, shangazi na dada jikoni tangu alfajiri. Huwaoni kwenye picha, na wakija kuketi chakula kimeshapoa. Mlo wa mchana kwenye hoteli ndogo ya mjini unamketisha mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi meza moja, wamevaa, wanahudumiwa, wanazungumza. Kwa wanawake waliobeba familia miaka yote hiyo, ni heshima ambayo ukumbi wa watu 400 haujawahi kuwapa. Umbali nao unabebeka. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita 70 hivi za lami kupitia Uyole, kwa hiyo Coaster moja itawaleta wazee asubuhi na kuwarudisha kabla ya giza bila kuwatafutia malazi. Wanaoishi Dar es Salaam hesabu yao ni tofauti, kwani zaidi ya kilomita 800 si safari ya kumtesa nayo mzee wa miaka 75 kwa ajili ya chakula cha saa mbili. Hao waalike wawakilishi wawili au watatu kutoka kila upande, wawalipie nauli na mahali pa kulala, na siku ya Ikuti ibebe uzito mkubwa zaidi.

Karatasi zishughulikiwe mapema kuliko nguo. Zile siku 21 za sheria ni za chini kabisa, basi fikeni ofisini miezi miwili kabla, mkiwa na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na picha, na mwulize ofisi hiyo inahitaji nini zaidi na ada yake ni kiasi gani. Aliyewahi kuoa au kuolewa aende na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenza wake. Fomu ya taarifa isomeni wote wawili kabla ya kutia saini, hasa sehemu inayohusu hali ya ndoa ya kila mmoja na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja. Ofisi za serikali hazifungui Jumamosi, na hilo liwe faida kwenu: Ijumaa kumbi na wapiga picha hawagombaniwi, na hoteli itawapa kona nzuri bila masharti. Wanaofunga kanisani waonane na mchungaji au padri kabla ya kupanga lolote. Kuna mafundisho ya ndoa, kuna matangazo ya Jumapili tatu kwa kawaida, na makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Muumini anayekusudia kuanza bomani na kubariki baadaye asimshtukize mchungaji wake, aulize kwanza ushirika wake unalichukuliaje jambo hilo.

Orodha ya wageni ndiyo mtihani mgumu, na kwa kuwa hakuna kadi mnaweza kuufanya kwa haki. Anzeni na watu, ukumbi utafuata. Andikeni wazazi, ndugu wa tumbo moja, mshenga, wasimamizi, na wazee wawili watatu wa kila upande watakaoitwa siku nyumba yenu ikipata tatizo. Halafu kila mmoja wenu aandike marafiki ambao angewapigia simu usiku wa manane akiwa na mgonjwa. Kwa watu wengi majina hayo hayafiki kumi. Jumla ikizidi meza mlizoweza kuzilipia, punguzeni kwa kundi, msipunguze kwa mtu mmoja mmoja: ama wafanyakazi wenza wote waje, ama asije hata mmoja. Kinachoumiza watu ni kuona mwenzao wa dawati la pili amealikwa na wao wameachwa. Kisha wajulisheni wasioalikwa kabla hawajasikia kwingine, kwa ujumbe mfupi wenye adabu, wenye salamu na shukrani za Kinyakyusa, kwa mfano huu: "Mugonile wazazi wetu. Kwa furaha tunawajulisha kuwa tutafunga ndoa Mbeya mwezi wa Agosti. Baada ya ndoa kutakuwa na chakula cha mchana cha familia tu, na hatutachangisha. Tunaomba sala na nasaha zenu, na nyumba yetu iko wazi kuwapokea. Ndaga fijo." Wazee wa karibu wasipewe habari hiyo kwa simu. Mmoja wenu afunge safari akawaambie uso kwa uso.

Mtindo, ambao ndio uliowavuta kwenye harusi ya namna hii, unatokana na vitu vichache vilivyochaguliwa vizuri. Fedha iliyookolewa kwenye viti 340 msiimalize kwenye mapambo. Ipelekeni kwenye kitu kinachogusa mwili na mdomo. Mpeni fundi mzuri wa nguo muda wa kutosha: suti inayokaa mabegani, gauni ambalo bibi harusi ataweza kulivaa tena kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yake, na vitenge vya mama wawili vilivyochaguliwa na wao wenyewe. Chakula kisiwe ile bufee ya ukumbini inayofanana kutoka Mwanza hadi Mtwara. Mko kwenye eneo lenye mchele wa Kyela, samaki mbasa wa Ziwa Nyasa, ndizi za mbalaga, parachichi za Rungwe na chai ya Rungwe, na mpishi wa hoteli akielezwa mapema ataviandaa vyote hivyo. Muziki uwe wa kuruhusu mazungumzo. Mkitaka shangwe, matarumbeta manne ya kanisani yapige mnapotoka ofisini na mnapofika mezani, yatosha. Mpiga picha mlipeni kwa saa tatu badala ya siku nzima, na picha za mandhari zipigwe siku ya mahari kwenye mashamba ya chai ya Katumba. Mshereheshaji hahitajiki. Mjomba mwenye sauti na busara awakaribishe watu, nasaha zitolewe na wazee wawili wa kila upande, na kila mmoja aombwe kwa heshima asizidishe dakika tano. Ndoa saa nne, picha saa tano, chakula saa saba, maagano saa kumi: hakuna wa kukimbizana na mtu.

Sasa nijibu pingamizi zito kuliko yote. Mtu atasema: nimewachangia wenzangu kwa miaka minane, daftari ninalo, kwa nini nisirudishiwe? Pingamizi hili lina haki ndani yake, kwa sababu mchango ni aina ya akiba ya pamoja na anayejitoa mwishoni anapata hasara. Lakini angalia kinachorudi. Fedha uliyotoa hairudi mfukoni mwako, inarudi kama sahani, viti na taa za ukumbi, na kwa kupokea unafungua daftari jipya la kuwadai na kudaiwa na watu 200 kwa miaka mingine minane, wakati huo huo mkiwa na mtoto mchanga na kiwanja ambacho hakijamalizwa kulipiwa. Ushauri wangu ni kuuhesabu mchango wa nyuma kuwa zawadi uliyokwisha kutoa, na kuendelea kuwachangia wenzako kwa kiasi unachomudu bila kudai kadi. Wala usijitoe kwenye msaada wa kweli. Rungwe msiba una uzito ambao harusi haiufikii: ukienda msibani, ukakesha, ukatoa rambirambi na ukashika jembe kaburini, hakuna atakayesema umewatenga watu. Anayesusia misiba kisha akafanya harusi ndogo ataitwa mchoyo, na atakuwa amestahili.

Pingamizi la pili ni la aibu. Harusi isiyo na kelele hushukiwa: labda ni ndoa ya mkeka, labda bibi harusi ana mimba, labda hawana kitu. Shuku hizi huzaliwa na usiri, udogo hauna kosa. Harusi iliyotangazwa miezi mitatu mapema, ikatanguliwa na mahari iliyopokelewa mchana kweupe Ikuti, ikashuhudiwa na wazee wa pande mbili, haina pa kushukiwa. Kwa wale ambao kweli hawana kitu, nakiri kwamba shauri langu linawabana, maana bila mchango hawatakuwa hata na meza ya watu 60. Basi wawe na meza ya watu 12. Na kama ndugu wanataka kuwanyanyua, waombwe wachangie nyumba na waache ukumbi: godoro, sufuria, mtungi wa gesi, kodi ya miezi mitatu. Shilingi 100,000 iliyonunua sufuria itapika miaka kumi, wakati iliyonunua sahani nne za ukumbini imekwisha saa tano usiku.

Linabaki pingamizi la mzazi anayesema, "Mwanangu ni mmoja, nami niliwachangia watoto wa wenzangu, mnataka nifiche uso wapi?" Huyu asijibiwe kwa ubishi wala kwa kifungu cha sheria. Anachoogopa ni kuonekana hakumtunza mtoto wake mbele ya rika lake. Mpeni siku ya Ikuti aiongoze yeye, awaalike wa rika lake wote, akae kiti cha mbele na aseme neno la mwisho. Mpeni pia kazi inayoonekana siku ya mjini. Wazazi wengi wakipewa heshima hiyo huacha kudai ukumbi, kwa sababu ukumbi ulikuwa njia tu ya kuipata. Asiporidhika hata hapo, vumilieni kwa adabu bila kubadili kiasi mlichokiandika, kwa kuwa mkikiongeza mara moja kwa ajili ya mmoja, wa pili atakuja kesho na sababu nzuri vile vile.

Enyi wachumba mnaosoma haya, shauri ni hili. Wiki hii, kabla hamjamwambia mtu tarehe, kabla hamjafungua kundi lolote la WhatsApp, kaeni wawili na kalamu, mwandike kiasi mnachoweza kulipa bila kukopa na bila kuchangisha, mtie saini wote wawili. Harusi yoyote itakayoenea ndani ya kiasi hicho, iwe ya watu 12 au 60, ndiyo harusi yenu, na mtaamka siku ya pili mkiwa mke na mume wasiodaiwa na mtu.